Operesheni Tokomeza na uwajibikaji wa wakubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Operesheni Tokomeza Ujangili iliyofanyika Tanzania mwaka 2013, na suala ambalo halijaisha tangu wakati huo: operesheni ya vyombo vya dola inapoishia kuwatesa raia, nani katika ngazi za juu anawajibika, mbele ya nani, na kwa namna gani. Mwandishi ana msimamo wake na hatauficha. Anaona kwamba Tanzania imejifunza vizuri kumwondoa waziri, lakini kuondoka kwa waziri kumezoeleka kuwa mwisho wa jambo, wakati kisheria hapo ndipo maswali mazito yanapoanzia.

Operesheni Tokomeza ilikuwa nini?

Ilikuwa operesheni ya nchi nzima dhidi ya ujangili, iliyoanza Oktoba 2013 chini ya serikali ya Rais Jakaya Kikwete. Ilikusanya zaidi ya watu 2,000 kutoka Jeshi la Wananchi wa Tanzania, Jeshi la Polisi, idara na mamlaka za wanyamapori na misitu, pamoja na waendesha mashtaka na mahakimu. Wizara ya Maliasili na Utalii ndiyo iliyokuwa na dhamana ya suala lenyewe, lakini watu waliokwenda porini na vijijini walikuwa wa wizara tatu au nne tofauti, kila kundi likiwa na mkubwa wake na kanuni zake za nidhamu. Jambo hili la mchanganyiko lina uzito, na tutalirudia.

Sababu ya kuianzisha haikuwa ya kubuni. Katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi walihesabiwa tembo 38,975 mwaka 2009. Hesabu ya mwaka 2013 ilipata 13,084. Katikati ya miaka ya 1970 eneo hilohilo lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Serikali ambayo ingekaa kimya mbele ya takwimu za namna hiyo ingestahili lawama za aina nyingine.

Mambo yaliharibika wapi?

Malalamiko yalifika bungeni kabla operesheni haijatimiza mwezi mmoja. Wabunge wa vyama vyote, hasa wanaotoka maeneo ya wafugaji yanayopakana na hifadhi, walieleza habari za watu kupigwa, kudhalilishwa, kuchomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo. Mwanzoni mwa Novemba 2013 waziri mwenye dhamana, Khamis Kagasheki, alitangaza kuisitisha.

Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya uenyekiti wa James Lembeli, ilipewa kazi ya kuchunguza, na taarifa yake ya Desemba ilitaja mauaji, ubakaji, mateso na kuombwa fedha kwa vitisho. Raia 13 walielezwa kuwa walipoteza maisha, na zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Kilichowashtua wengi ni jinsi shabaha ilivyohama. Operesheni iliyotangazwa kuwa ya kuwasaka wenye bunduki na meno ya tembo ilikuwa, kwa wananchi wengi waliotoa ushahidi, operesheni ya kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao. Mfugaji aliyeingiza mifugo hifadhini amevunja sheria, na sheria hiyo ina adhabu yake inayotolewa mahakamani. Hakuna kifungu kinachoruhusu apigwe hadi afe au mifugo yake ipigwe risasi mbele yake.

Nani walipoteza nyadhifa, na je, walijiuzulu au waliondolewa?

Mawaziri wanne waliondoka tarehe 20 Desemba 2013, siku ileile taarifa ya kamati ilipojadiliwa Dodoma. Hao ni Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mathayo David Mathayo wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Kagasheki alisimama bungeni na kutamka mwenyewe kwamba anajiuzulu. Kwa wengine watatu, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliarifu Bunge kwamba Rais, ambaye wakati huo alikuwa Marekani kwa matibabu na aliwasiliana naye kwa simu, ametengua uteuzi wao.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Anayejiuzulu anaamua mwenyewe kubeba dhamana na kwa kawaida hueleza anachokibeba. Anayetenguliwa hahitaji kueleza chochote, na aliyemtengua naye halazimiki kutoa sababu, kwa kuwa waziri hushika madaraka kwa ridhaa ya Rais. Tunajua kwamba mawaziri watatu waliondolewa kwa ajili ya Tokomeza, lakini hatuna maelezo rasmi ya kila mmoja yanayosema alitakiwa kufanya nini ambacho hakukifanya.

Waziri hakushika bunduki wala hakuwa kijijini. Kwa nini alaumiwe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa nia njema, na watu wanaoona kwamba mawaziri wale wanne walitolewa kafara.

Jibu la kikatiba liko katika ibara ya 53(2) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inayosema kwamba mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Askari wa doria hawezi kuitwa na Bunge kila anapokosea. Bunge linamjua waziri. Yeye ndiye anayeomba fedha za wizara, yeye ndiye anayesifiwa kazi ikienda vizuri, na kwa hiyo yeye ndiye anayeulizwa inapoharibika. Uwajibikaji wa namna hii hauhitaji kuthibitisha kwamba waziri alijua kila kilichotendeka. Unahitaji tu kuonyesha kwamba jambo lilikuwa chini ya dhamana yake na kwamba ukubwa wake unazidi kosa la kawaida la ofisi.

Pamoja na hayo, upo uzembe ambao ni wa waziri mwenyewe. Je, operesheni ilikuwa na maelekezo ya maandishi kuhusu matumizi ya nguvu? Je, aliweka njia ya kupokea malalamiko kutoka vijijini? Taarifa ya kwanza ya kifo ilipomfikia, ilichukua siku ngapi hadi atoe amri? Haya yanaweza kujibiwa na waziri peke yake au na katibu mkuu wake, na hayahusiani na nani alishika bunduki.

Kwa nini tukio la mwaka 1977 linatajwa kila mara jambo kama hili linapotokea?

Kwa sababu ni mfano wa nyumbani, na unafanana na Tokomeza kiasi cha kutia simanzi. Mwaka 1976 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi, hasa ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Serikali ilituma polisi na maofisa wa usalama kuwasaka wauaji. Mamia ya watu walikamatwa, wengi wakateswa wakati wa kuhojiwa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashikilia.

Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alimwandikia Mwalimu Julius Nyerere kujiuzulu mapema mwaka 1977. Hakuwa ameagiza mateso, wala hakuna aliyesema aliagiza. Hoja yake ilikuwa kwamba waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, Peter Siyovelwa, naye aliondoka, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga vilevile. Mwinyi alipelekwa ubalozini Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985.

Watu wanaposimulia habari hii huishia kwenye heshima ya Mzee Mwinyi, na heshima hiyo aliistahili. Kinachosahaulika ni nusu ya pili: baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama waliohusika walifikishwa mahakamani na kuhukumiwa vifungo. Kwa maneno mengine, mwaka 1977 dhamana ya kisiasa ilikwenda sambamba na ile ya jinai, na ilishuka hadi ngazi ya mkoa. Anayetumia mfano wa Mwinyi kutetea wazo kwamba kujiuzulu kunatosha anautumia kinyume na unavyofundisha.

Kuna jambo la kando ambalo wapenzi wa historia hulifurahia: Nahodha alipoondolewa katika Wizara ya Ulinzi, aliyechukua nafasi hiyo Januari 2014 alikuwa Dkt. Hussein Mwinyi, mtoto wa waziri yule wa mwaka 1977.

Ikiwa mawaziri wanawajibika kwa pamoja, mbona Waziri Mkuu alibaki?

Baadhi ya wabunge walitaka Pinda naye aondoke, wakidai kwamba operesheni iliyohusisha wizara nne haiwezi kuwa na mratibu mwingine zaidi ya Waziri Mkuu. Hoja hiyo ina mantiki, kwa kuwa ibara ya 52 inampa madaraka ya kusimamia utekelezaji wa siku hadi siku wa shughuli za Serikali.

Njia ya kikatiba ya kumwondoa ni kura ya kutokuwa na imani chini ya ibara ya 53A. Inahitaji taarifa ya maandishi iliyotiwa saini na wabunge wasiopungua asilimia 20, iwasilishwe kwa Spika siku 14 kabla, kisha iungwe mkono na wabunge wengi zaidi ya nusu ya wote. Kwa Bunge lenye chama tawala chenye wingi mkubwa, mlango huo ni mwembamba mno. Hata hivyo vitisho vya kuutumia vina nguvu yake. Mwaka 2012 mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini dhidi ya Pinda, na muda mfupi baadaye Baraza la Mawaziri likafanyiwa mabadiliko. Mabadiliko hayo ya Mei 2012 ndiyo yaliyowaingiza Kagasheki, Nchimbi na Nahodha katika wizara walizokuja kuzipoteza kwa sababu ya Tokomeza.

Ikumbukwe kwamba Bunge la Tanzania halina utaratibu wa kupiga kura ya kumwondoa waziri mmoja mmoja. Linaweza kupendekeza, kushinikiza na kuaibisha, lakini uamuzi ni wa Rais. Kenya imefuata njia nyingine: ibara ya 152 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inaruhusu Bunge la Taifa kuanzisha mchakato wa kumwondoa waziri, kamati ikachunguza na Bunge likapiga kura.

Maneno ya kiongozi kabla ya operesheni yana uzito wowote?

Yana uzito mkubwa, na hapa mwandishi anaona mjadala wa 2013 ulipita haraka mno. Operesheni ilipoanza, Kagasheki alinukuliwa na vyombo vya habari, katika maandamano ya kutetea tembo mjini Arusha, akisema kwamba suluhisho pekee ni kuwaua majangili papo hapo. Miezi michache kabla, Juni 2013, Waziri Mkuu Pinda alisema bungeni kwamba wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu, maana serikali imechoka.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba askari fulani alimpiga mtu fulani kwa sababu alisikia kauli hizo. Lakini katika vyombo vinavyoendeshwa kwa amri, kauli ya mkubwa hadharani husikika kama ruhusa, hasa pale ambapo maelekezo ya maandishi ni hafifu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hajathibitika, na ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama. Kiongozi anayetamka kinyume cha hayo amekwisha kukosa hata kama hakuna aliyemtii.

Kauli ya Pinda ilipelekwa Mahakama Kuu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika. Shauri liliondolewa mwaka 2014 katika hatua ya mapingamizi ya awali, na kauli yenyewe haikupimwa kwa uzito wake. Maneno yanayosemwa ndani ya ukumbi wa Bunge yana ulinzi wa ibara ya 100, ambao uliwekwa kwa sababu nzuri ya kumlinda mbunge anayeikosoa serikali. Waziri Mkuu anapoutumia kutoa agizo kwa polisi, ulinzi huo umefika mahali ambapo pengine waandishi wa Katiba hawakupafikiria.

Je, kujiuzulu ni kukiri kosa, na aliyeondoka anaweza kurudi?

Kujiuzulu si kukiri kosa la jinai, na mahakama haiwezi kuchukua kujiuzulu huko kama ushahidi wa hatia. Hakuna pia sheria inayomzuia aliyeondoka kushika madaraka tena. Nchimbi alikuwa balozi, akateuliwa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024, na mwaka 2025 akawa mgombea mwenza wa urais. Kagasheki, kwa upande wake, alishindwa ubunge wa Bukoba Mjini katika uchaguzi wa 2015.

Wapo wanaokasirishwa na kurudi kwa viongozi. Mwandishi hana tatizo nalo kwa asili yake. Adhabu ya kisiasa isiyo na mwisho ingewafanya wote wang'ang'anie viti. Tatizo linakuja pale mtu anaporudi kabla ukweli wa alichokisimamia haujaandikwa na kusomwa na umma.

Na makamanda na makatibu wakuu? Mbona hawakusikika?

Hapa ndipo pengo lilipo. Waziri huweka sera, lakini operesheni huendeshwa na mtu mwenye cheo, mwenye ramani na orodha ya askari. Kati ya waziri na askari wa doria kuna katibu mkuu, mkurugenzi, kamanda wa operesheni, kamanda wa kanda na kiongozi wa kikosi. Mfumo wetu unawagusa watu wa ncha mbili: waziri kwa sababu anaonekana, na askari wa mwisho kwa sababu alionekana akitenda. Wa katikati, ambao ndio hasa walijua kinachoendelea na walikuwa na uwezo wa kukizuia siku ileile, hupita salama.

Sehemu ya sababu ni ule mchanganyiko wa vyombo. Mtumishi wa kawaida wa umma anashughulikiwa kinidhamu chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Polisi ana sheria yake na kanuni za kudumu za jeshi lake. Mwanajeshi yuko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa na mahakama za kijeshi. Askari wa hifadhi alikuwa mwajiriwa wa mamlaka yake. Wote wakiwa katika gari moja na kosa likatendeka, kila taasisi huanza kwa kuonyesha kwamba mtu wake hakuwa kiongozi wa msafara. Kamanda wa pamoja anapoteuliwa bila hati inayosema wazi nani anamwajibisha nani, kinachopatikana ni operesheni yenye nguvu nyingi na mwenyewe hajulikani.

Linganisha na kisa cha mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, aliyeuawa Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo mkoani Iringa, polisi walipokuwa wakitawanya mkutano wa chama cha upinzani cha CHADEMA. Askari mmoja wa cheo cha chini alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Alikuwa na wakubwa wake eneo lile, lakini hukumu iliishia kwake.

Wakati mwingine hata hiyo ncha ya chini haiguswi. Baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji Unguja na Pemba Januari 2001, tume iliyoongozwa na Hashim Mbita iliripoti vifo 31. Hakuna kiongozi mwandamizi aliyepoteza wadhifa kwa ajili hiyo.

Mkubwa anaweza kushtakiwa kwa jinai kwa makosa ya walio chini yake?

Anaweza, lakini kwa masharti magumu. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mkosaji mkuu si yule tu aliyetenda, bali pia aliyewezesha, aliyesaidia, aliyeshauri au aliyeshawishi kosa litendwe. Kwa hiyo kamanda aliyeamuru mateso anaweza kushtakiwa sawa na aliyetesa, na amri ya mkubwa haimpi askari ruhusa ya kumtesa mtu. Ugumu uko kwa kamanda ambaye hakuamuru, bali alijua na akanyamaza, au alipaswa kujua. Sheria yetu ya kawaida ya jinai haina kosa lililo wazi la aina hiyo.

Kesi ya Abdallah Zombe inaonyesha ugumu huo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi waliuawa na polisi katika msitu wa Pande nje ya Dar es Salaam, baada ya kukamatwa kama majambazi. Tume ya Jaji Musa Kipenka iliyachunguza mauaji hayo, na Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, akashtakiwa pamoja na askari wengine. Mahakama Kuu ilimwachia mwaka 2009. Rufaa iliposikilizwa, mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliona tena kwamba ushahidi dhidi yake haukutosha, huku ofisa mwingine, Christopher Bageni, akihukumiwa kunyongwa. Mtu asiichukue kesi hii kama ushahidi kwamba wakubwa hulindwa. Mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa cheo chake. Inaonyesha tu kwamba jinai peke yake haifai kubebeshwa mzigo wote wa uwajibikaji.

Kenya imejaribu njia ya moja kwa moja zaidi. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamua kuwafungulia maofisa wa polisi, wakiwamo makamanda, mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kutokana na operesheni ya Kisumu baada ya uchaguzi wa 2017, ambamo mtoto mchanga alikuwa miongoni mwa waliokufa. Sheria yao ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008 inatambua dhamana ya kamanda aliyeshindwa kuzuia. Kenya ina pia mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Kuna tofauti gani kati ya uchunguzi wa Bunge na tume ya Rais?

Kamati ya Bunge huchunguza ili Bunge liamue msimamo wa kisiasa, taarifa yake husomwa hadharani, na hufanya kazi kwa wiki chache. Tume inayoundwa na Rais chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi hukaa muda mrefu, huita mashahidi chini ya kiapo, na humkabidhi ripoti Rais aliyeiunda.

Kwa Tokomeza vilitumika vyote viwili. Mwaka 2014 Rais Kikwete aliunda tume ya majaji wastaafu chini ya Jaji Hamisi Msumi, nayo ikakabidhi ripoti mwaka 2015. Mpangilio huo ulikuwa wa kinyumenyume: mawaziri waliondolewa kwanza, uchunguzi wa kina ukafuata, na ulipokamilika nchi nzima ilikuwa katika pilikapilika za uchaguzi mkuu. Kasi ya Desemba 2013 ilisifiwa sana, lakini ilipunguza hamu ya umma ya kufuatilia mengine.

Baada ya operesheni kusitishwa, tembo waliuawa zaidi. Je, hilo halionyeshi kwamba lawama zilipitiliza?

Lazaro Nyalandu, aliyekuwa naibu waziri na baadaye waziri, alisema mwishoni mwa 2013 kwamba tembo 60 waliuawa katika Novemba na Desemba, wakati Oktoba, operesheni ilipokuwa ikiendelea, waliuawa wawili. Tuzichukue takwimu hizo kama zilivyo. Zinathibitisha kwamba doria kubwa huwafukuza majangili. Hazithibitishi kwamba kuchoma nyumba za wafugaji ndiko kulikowafukuza. Anayezitumia kuwatetea waliotesa inabidi kwanza aeleze ni tembo gani aliyeokolewa na kipigo cha mwanamke kijijini.

Waathirika wana haki gani kisheria?

Wanaweza kudai fidia mahakamani dhidi ya Serikali chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, baada ya kutoa notisi ya siku zisizopungua 90. Wanaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa na ibara ya 129, ambayo inaweza kuchunguza na kupendekeza lakini haitoi hukumu. Wanaweza pia kufungua shauri la kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Kuhusu njia hii ya mwisho, marekebisho ya mwaka 2020 yalibana: yalimtaka anayefungua shauri aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi, na yalielekeza malalamiko dhidi ya Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika au Jaji Mkuu yafunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mawaziri wa kawaida hawakuwamo katika orodha hiyo.

Kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote, notisi ya siku 90, wakili na nauli za kwenda Mahakama Kuu ni gharama asiyo nayo, na ndiyo maana mpango wa fidia ulioandaliwa na Serikali yenyewe, bila kumsubiri kila mmoja ashtaki, ungekuwa na maana kuliko barua yoyote ya kujiuzulu.

Je, muda umekwisha kwa yaliyotokea mwaka 2013?

Kwa madai mengi ya fidia, ndiyo. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ambayo mtu ametendewa na mwingine, na waliochelewa wanahitaji sababu maalumu za kuongezewa muda. Kwa jinai hali ni tofauti, kwa kuwa kosa la mauaji halina ukomo nchini Tanzania. Jalada la kifo kilichotokea Oktoba 2013 linaweza kufunguliwa leo ikiwa ushahidi upo, na mwenye madaraka ya kuamua mashtaka, kwa mujibu wa ibara ya 59B ya Katiba, ni Mkurugenzi wa Mashtaka.